Sura ya kizamani bila uchakavu: nilivyotengeneza matangazo na makaratasi ya gereji yetu

Nilipoanza kushughulikia matangazo na makaratasi ya gereji yetu, karibu kila mtu alinipa ushauri uleule: ukitaka kitu kionekane cha zamani, kichakaze. Kipake kahawia, kiwekee mikwaruzo, kikunje kona, kimwagie doa la chai. Ushauri huo ni mbaya, ulitula pesa, na bado nawaona watu wakipeana, ndiyo maana naandika.

Tangazo la mwaka 1935 halikuwa na doa hata moja siku lilipotoka mtamboni. Lilitoka jipya, rangi zimekolea, kingo zimenyooka. Madoa yaliletwa na jua, mvua na mikono ya watu miaka mingi baadaye. Sura yake ilitokana na kubanwa: wino wa aina mbili au tatu tu kwa sababu kila wino ulitaka bamba lake la kuchapia, herufi zilizokuwepo kwenye droo za mpiga chapa, picha iliyolazimika kuvunjwa kuwa nukta. Mimi niliamua kujibana vilevile, na kila nilipofanya hivyo kazi ilipendeza zaidi.

Gereji ni ya familia. Baba aliifungua miaka ya sabini, kaka yangu ndiye fundi mkuu sasa, dada anashika umeme wa magari, na mimi niko kwenye hesabu na makaratasi. Tulikuwa na kadi za jina za aina moja, ankara za aina nyingine, kibao cha nje kisichofanana na chochote. Tukakubaliana kwamba vyote vivae nguo moja, na nguo hiyo iwe ya enzi ya Baba alipoanza.

Tukamlipa dizaina. Kwenye skrini kazi yake ilivutia kweli, siwezi kumnyima hilo. Fomu ya kupokelea gari ilikuwa na rangi ya kahawia kutoka pembe hadi pembe, imefanywa kama ngozi iliyosinyaa. Jina la gereji lilikuwa kwa mwandiko wa brashi wa aina ya Brush Script, ambayo ni ya mwaka 1942. Chini yake akaweka herufi za pembepembe za miaka ya thelathini, na pembeni gari lenye mapezi ya nyuma la miaka ya hamsini. Halafu akaandika "Tangu" na mwaka ambao Baba alikuwa bado anakwenda shule na kaptula. Tulipomuuliza, alisema mwaka wa mbali unaleta heshima. Mwaka ule tuliufuta siku hiyohiyo, maana wateja waliomjua Baba akiwa kijana bado wanaleta magari yao, na gereji inayodanganya umri wake itaaminiwaje inaposema breki zako zimekwisha?

Yaliyobaki tulichapa. Kaka akaandika fomu ya kwanza kwa kalamu ya kawaida, na maandishi yakazama ndani ya ile kahawia. Mteja mmoja akaipiga picha kwa simu amtumie mwenye gari, ikafika kama tope. Fotokopi ilitoka nyeusi tupu. Balaa kubwa lilikuwa kwenye namba ya chesisi. Namba hiyo, kwenye magari yanayofuata mfumo wa kimataifa, ina herufi na tarakimu 17, na waliopanga mfumo wake waliziacha kwa makusudi I, O na Q ili zisichanganywe na 1 na 0. Watu wamehangaika kuondoa utata hadi kiwango hicho, halafu sisi tukaweka mikwaruzo juu yake: 8 ikasomeka B, 5 ikasomeka S, na ukiagiza spea kwa namba yenye kosa unaletewa spea ya gari jingine. Mteja mwingine alirudisha ankara akiomba safi, akidhani tumemwandikia kwenye karatasi iliyookotwa stoo. Baba aliichukua, akaigeuza huku na huku, akasema, "Mimi sijawahi kumpa mteja karatasi chafu." Mjadala uliishia hapo.

Nikaanza upya, safari hii kwenye droo za Mama. Mama hatupi kitu. Alikuwa na vitabu vya risiti vya miaka ya mwanzo, mhuri wa mpira uliolika, na picha za kibao cha kwanza. Nilivikagua kwa kioo cha kukuzia na hapo ndipo nilipojifunza kila kitu. Risiti zilikuwa na wino wa aina mbili tu, bluu iliyoiva na nyekundu. Nyekundu ilikuwa imesogea kidogo kulia, unene wa nywele chache hivi, kwa sababu karatasi ilipita mtamboni mara mbili na haikukaa palepale. Mistari ilikuwa minene kwa nje na myembamba kwa ndani. Hapakuwa na kivuli nyuma ya herufi wala rangi inayofifia kuelekea nyingine. Mambo hayo mawili yakiingia kwenye kazi yako, umeshaondoka enzi ile hata kama umeweka madoa ya ndoo nzima.

Kwenye herufi nilikuwa mkali. Cooper Black ilichorwa na Oswald Cooper mwaka 1922, lakini ndiyo iliyorudi kwa kishindo miaka ya sitini na sabini, mbavu zake nene na kona za mviringo zikajaa kwenye matangazo ya enzi hiyo. Hiyo ikachukua jina la gereji. Maandishi madogo nikayapa Helvetica, ya mwaka 1957, kwa sababu fomu nyingi za ofisini za miaka ya sabini zilikuwa na herufi za namna hiyo, na zinasomeka hata zikiwa ndogo. Familia mbili za herufi, basi. Futura ya Paul Renner ya mwaka 1927 naipenda sana, na kwa gereji iliyofunguliwa miaka ya thelathini ningeichagua, lakini yetu haikufunguliwa wakati huo. Kabla hujaitumia fonti yoyote kibiashara soma leseni yake.

Sasa picha. Kila mtu alitaka gari. Nilikataa, kwanza kwa sababu umbo la gari linalotambulika lina mwenyewe na nembo ina mwenyewe zaidi, pili kwa sababu gereji inauza mikono ya mafundi. Aliyenipa ujasiri ni Lucian Bernhard, Mjerumani aliyechora bango la Bosch mwaka 1914: plagi moja kubwa, mlipuko wa cheche, jina la kampuni. Maneno mengine hayakuhitajika. Kama plagi peke yake inaweza kubeba bango zima, mkono wa Baba ulioshika spana unaweza pia.

Nilimpiga picha Baba mlangoni, mwanga ukitoka ubavuni ili vifundo vya vidole vitoe vivuli vikali. Ukimpiga mtu kwa mwanga wa usoni, mkono unakuwa bapa kama glavu. Nikaondoa rangi, nikapandisha tofauti ya mwanga na giza, kisha kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, nikailazimisha iwe nyeusi na nyeupe tupu bila kijivu. Hapo sogeza polepole kile kipimo kinachoamua kipi kiwe cheusi na kipi kiwe cheupe. Kikizidi kidogo, mkono unajaa weusi. Kikipungua, kidole gumba kinapotea. Nilisimama pale ambapo kovu la Baba juu ya kiganja lilibaki kama mstari mmoja mweupe. Mistari hiyo nikaichora upya kwa mkono kwenye Inkscape, programu ya kuchora, ili picha iweze kwenda kwenye kadi na kwenye ukuta bila kuharibika. Kijivu kidogo nilichokihitaji kwenye mkono wa shati nikakipata kwa nukta zilizopangwa kwa mshazari wa digrii 45, kwa sababu mshazari huo ndio jicho linaushtukia kidogo kuliko mipango mingine. Nukta usiziweke kwenye herufi kamwe.

Jambo ninalojivunia kuliko yote ni rangi ya tatu ambayo hatukuilipia. Nyekundu ikichapwa juu ya bluu bila kukatwa nafasi chini yake, zinazaa rangi ya giza inayokaribia weusi, ile inayopatikana kwenye vivuli vya mabango ya kale. Kwa hiyo mkono umechapwa bluu, ovaroli nyekundu, na pale zinapokutana kivuli kimejitokeza chenyewe. Nikasogeza nyekundu theluthi ya milimita kulia kama risiti za Mama, lakini kwenye picha tu. Ukisogeza kwenye namba ya simu, mteja ataona mbilimbili.

Wapiga chapa wawili walitaka niwapelekee faili la kawaida la rangi nne, yaani samawati, waridi, njano na nyeusi. Nilikataa, na kama unatumia Inkscape kataa na wewe. Programu hiyo inafanya kazi kwa rangi za skrini, na nyekundu inayong'aa kwenye skrini huja kufifia ikigeuzwa kuwa wino nne. Mimi nilitoa mafaili mawili, yote yamechorwa kwa nyeusi tupu: moja ni bamba la bluu, jingine bamba la nyekundu. Kisha nikataja namba za wino kwenye kitabu cha Pantone, mfumo uliopo tangu 1963 kwa kazi hiyohiyo ya kumwondolea mpiga chapa kubahatisha. Mpiga chapa wa tatu, mzee wa mtambo wa ofseti, alipoona mabamba yametenganishwa tayari alifurahi waziwazi na akapunguza bei. Acha milimita 3 za ziada kila upande ambapo rangi inafika ukingoni, la sivyo kisu kitakuachia mstari mweupe.

Karatasi iwe isiyong'aa, ya rangi ya maziwa yenyewe, si iliyopakwa. Nilibeba sampuli hadi gereji nikazijaribu kwa kalamu, kwa mhuri na kwa kidole chenye grisi. Ile inayong'aa ilikataa mhuri, ukasambaa. Kadi za jina ni za gramu 300, milimita 85 kwa 55. Msimbo wa kuskani na simu uko nyuma ya kadi, upande wake wenyewe. Mbele pana mkono, jina, na mwaka wa kweli.

Fomu ya kupokelea gari ndiyo iliyonichukua muda, na nadhani ndiyo bora kuliko zote. Kukagua fomu zilizotumika kulinionyesha kwamba fundi huishika mahali pamoja: dole gumba hukaa kona ya chini kushoto, na hapo ndipo grisi huanzia. Nikaweka utepe mzito wa bluu chini nzima, ukipanda kidogo kwenye kona ile. Ni pambo la kisabini kabisa, na dole gumba likitua juu yake halionekani. Juu kuna visanduku 17 vya namba ya chesisi, kila kimoja na nafasi yake, vimegawanywa vitatu, sita na nane kama namba yenyewe inavyojigawa. Karatasi ni zile zinazojinakili zenyewe, teknolojia iliyoingia sokoni mwaka 1954: nyeupe ya mteja, njano ya fundi, waridi yangu. Kwa nakala hizo usiweke rangi nzito mahali pa kuandika.

Kibao cha nje sikuchapa. Nilichapisha mchoro kwa ukubwa kamili kwenye karatasi nyepesi, mchora vibao akatoboa mistari yote kwa sindano, akaibandika ukutani na kuigonga kwa kitambaa kilichojaa unga wa chaki. Karatasi ilipoondolewa, jina zima lilikuwa ukutani kwa vitone vyeupe, naye akafuata kwa brashi na rangi ya mafuta. Hiyo karatasi iliyotobolewa tumeitunza, maana rangi ikififia itatumika tena.

Kwa jumla tulitumia kidogo kuliko tulichomlipa dizaina, ukiacha kibao. Sasa dada anadai ovaroli zenye ule mkono mgongoni. Nimemwambia tutadarizi kwa nyuzi mbili tu, bluu na nyekundu, na zile nukta za 45 zibaki kwenye karatasi, kwa sababu uzi hauwezi kuzibeba.