Ndimu haiondoi shombo, inaifunga

Mpishi wa Mombasa akishamparua changu wake, mkono wa pili unakwenda kwenye ndimu. Husemwa ndimu inakata shombo. Haikati kitu. Shombo ni trimethilamini, na baada ya ndimu bado imo mle mle kwenye nyama, ila haiwezi tena kuruka ikafika puani. Na kwa pua, kisichofika hakipo. Seli ya kunusa haimjui samaki, wala udi, wala binadamu; inajua molekuli iliyoifikia na kukaa kwenye kipokezi chake, yaani protini ya kuipokea, basi.

Samaki wa bahari hubeba mwilini oksidi ya trimethilamini, isiyo na harufu yoyote, inayomsaidia kuhimili chumvi ya maji. Akishakufa, bakteria huivua oksijeni na kubakisha trimethilamini tupu. Hiyo huchemka kwenye nyuzi 3 tu, kwa hiyo kwenye joto la Mombasa ni gesi. Asidi ya ndimu huipa protoni moja, yaani chembe ya haidrojeni yenye chaji. Ikishapata chaji hugeuka chumvi inayoyeyuka majini, na ukisuuza inakwenda na maji.

Kwa kilo moja ya samaki aliyeparuliwa na kutolewa matumbo, ndimu 2 kubwa na kijiko cha chai cha chumvi zatosha, dakika 10 hadi 15, kisha suuza kwa maji mengi. Ukimsahau nusu saa, asidi huanza kuipika protini: nyama inageuka nyeupe kabla haijaona moto, na kwenye kikaango inatoka kavu. Kosa jingine ni la mikono. Mtu akitoka kwenye ndimu anarukia sabuni ya mche, na shombo inarudi. Sabuni ile ni alkali, humnyang'anya trimethilamini protoni yake, gesi ikawa huru tena. Suuza kwa maji matupu kwanza, ndipo sabuni.

Papa na taa wana mambo yao. Nyama yao imejaa urea, ambayo bakteria huigeuza amonia, na papa mkavu huendelea kuitoa kila anapopata unyevu. Ndimu huifunga amonia pia, lakini amonia mpya inazidi kuja. Dawa yake ni kumloweka, kumchemsha na kumwaga maji yale ya kwanza, hata kama yanaonekana kama supu.

Sasa twende juu puani. Seli za kunusa hazikai tunduni, ziko kwenye dari ya pua, kipande cha sentimita za mraba chache kila upande, chenye seli milioni kadhaa. Kila seli hutoa vinyweleo 10 hadi 20 hivi ndani ya ute, na vipokezi vimo kwenye utando wa vinyweleo hivyo. Molekuli lazima kwanza iruke, halafu iingie kwenye ute, halafu ikae kwenye kipokezi. Jeni za vipokezi hivi zilielezwa na wanasayansi Linda Buck na Richard Axel mwaka 1991, kazi iliyowapa Nobel mwaka 2004. Binadamu ana aina zipatazo 400 zinazofanya kazi, na kila seli huchagua moja tu. Tembo wa Afrika ana karibu 2,000.

Kipokezi kikishikwa, protini iliyo chini yake hukiamsha kimeng'enya kinachotengeneza ujumbe wa ndani uitwao AMP duara. AMP duara hufungua milango ya utando, sodiamu na kalsiamu zinaingia, kalsiamu nayo inafungua milango ya kloridi na kloridi inatoka nje. Umeme wa seli unapanda, na kwa kuwa seli yenyewe ni neva, mkia wake unapenya vitundu vya mfupa na kugusa ubongo moja kwa moja.

Trimethilamini ina kipokezi chake, TAAR5, cha ukoo tofauti kidogo na wale 400. Mwaka 2020 watafiti wa Iceland walionyesha kwamba watu wenye aina fulani ya jeni hiyo hawaisikii vizuri harufu ya samaki, wengine hata haiwakeri. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja mmoja akisema samaki amechina na mwingine akasema hanuki, huenda wote wawili ni wakweli. Lakini kwenye kuamua kama aliwe, mfuate anayenusa.

Kiasi nacho hubadilisha harufu, si ukubwa wake tu. Asmini ina indoli. Ikiwa kidogo ni ua la jioni. Ikiwa nyingi ni choo. Molekuli ni ile ile, ila ikizidi huamsha na vipokezi vingine vilivyokuwa vimelala.

Halafu kuna kuzoea. Kalsiamu ile ile iliyoiwasha seli hurudi kuibana: milango inapoteza wepesi wake, na baada ya dakika chache mwenye nyumba hausikii udi alioufukiza, anaongeza kipande kingine kwenye chetezo huku wageni macho yanawatoka machozi. Toka nje dakika chache, rudi, ndipo uamue. Kwenye duka la manukato, baada ya tatu nne pua imeshachoka; kunusa punje za kahawa hakuizidi hewa safi kwa lolote, ingawa wauzaji wanaziamini sana.

Chakula hufika kwenye dari ile kwa mlango wa nyuma pia, kutoka kooni. Shika pua, tafuna hamri: utapata utamu na mafuta. Achia pua, iliki inaingia. Ndiyo maana mwenye mafua hulalamika chakula hakina ladha wakati ulimi wake mzima kabisa.

Ulimi wenyewe hufanya kazi chache. Kijichipukizi kimoja cha ladha kina seli 50 hadi 100, nyingi zikiishi siku 10 hivi kabla ya kubadilishwa. Seli hizi si neva. Zikiguswa hutoa kemikali inayoiamsha neva iliyo jirani. Chumvi na ukali wa ukwaju huingia kwa milango ya ioni: sodiamu kwa mmoja, protoni kwa mwingine. Utamu, uchungu na umami, ile ladha ya supu ya nyama, hutumia vipokezi. Utamu unategemea jozi moja, na paka, ambaye nusu ya jozi hiyo iliharibika, halua haimwambii kitu. Uchungu una aina zipatazo 25, kwa sababu sumu za mimea ni nyingi na mwili hautaki kubahatisha. Na ule mchoro wa ulimi uliogawanywa mikoa, utamu mbele uchungu nyuma, ulitokana na kazi ya Kijerumani ya mwaka 1901 iliyosomwa vibaya. Sehemu zote zenye vijichipukizi huonja ladha zote.

Kahawa chungu kwenye dele huzigusa kadhaa za zile 25, na kafeini ni sehemu ndogo tu ya uchungu huo. Mwingi huzaliwa kwenye kukaanga. Ikikushinda, chembe chache za chumvi huupunguza kuliko watu wanavyodhani, kwani sodiamu hudhoofisha ishara ya uchungu. Chembe chache tu, lakini. Ikionekana chumvi umeshaiharibu. Wenye akili hula tende.

Pilipili si ladha. Kapsaisini hukifungua kipokezi cha joto, TRPV1, ambacho kwa kawaida hufunguka kwenye nyuzi 43 hivi, ndiyo sababu mdomo unadai unaungua. Maji hayasaidii kwa kuwa kapsaisini haiyeyuki majini. Mtindi au maziwa ndiyo dawa. Kipokezi cha ndege hakiisikii kapsaisini, kwa hiyo ndege hula pilipili kichaa na kutawanya mbegu bila taabu. Mentoli nayo hufungua kipokezi cha baridi. Hapo watu hukosea wakitaka kujua kama pua imepona baada ya Korona: wananusa dawa ya kifua, wanahisi kitu, wanasema imerudi. Walichohisi ni baridi, kwa neva nyingine kabisa. Jipime kwa kahawa au iliki.

Na kama haijarudi, kuna zoezi lililojaribiwa na mtafiti Thomas Hummel na wenzake huko Dresden, Ujerumani, mwaka 2009, kwa harufu nne: waridi, mkaratusi, limau na karafuu. Zote Marikiti zipo. Tumia mafuta yake kwenye pamba ndani ya vichupa vyenye vifuniko, kila moja sekunde 10 hadi 15, asubuhi na jioni, wiki 12. Nusa polepole, usivute kama tumbaku. Zoezi hupoteza nguvu watu wakiacha vichupa wazi: baada ya wiki mbili hakuna kilichobaki cha kuruka, na pua inafanyishwa kazi juu ya pamba tupu.

Pweza amezigawa kazi hizi kwa namna nyingine. Vikombe vya mikono yake vina seli za kuonja kwa kugusa, zenye vipokezi vinavyosoma hata vitu vya mafuta visivyoyeyuka majini. Akiingiza mkono kwenye tundu la mwamba asiloliona, anajua kama kilichomo ni kaa au jiwe.

Mbu wa Rabai, hapo juu tu ya Mombasa, amewapa wanasayansi mfano mzuri kuliko wote wa jinsi kipokezi kinavyoamua mnyama amfuate nani. Kuna Aedes aegypti wa msituni, anayezaa kwenye mashimo ya miti na kupendelea wanyama, na kuna wa nyumbani, anayezaa kwenye mitungi na kumtaka mtu. Mtafiti Carolyn McBride na wenzake mwaka 2014 walionyesha tofauti moja kubwa iko kwenye kipokezi cha papasio, Or4: kwa mbu wa nyumbani kiko kwa wingi na ni chepesi zaidi kwa salkatoni, harufu ambayo binadamu huitoa kwa wingi kuliko wanyama aliolinganishwa nao. Aedes ndiye mbeba dengi na chikungunya, na Mombasa magonjwa hayo tunayajua.

Mfereji ukikatika, madumu na mitungi hujazwa, naye anafurahi. Kuyafunika husaidia, na kumwaga maji kila wiki husaidia, ila kumwaga peke yake hakutoshi: mayai hugandishwa ukutani juu kidogo ya maji, na yakikauka hungoja miezi. Sugua kuta za ndani kwa brashi ngumu, hasa ule mstari maji yalipoishia.