Siku moja maishani mwangu: kuhesabu kromosomu za mkonge, Tanga

Saa 12:00 asubuhi

Siku ya kuhesabu kromosomu, zile nyuzi za urithi zilizomo ndani ya kila seli, huanzia kwenye barafu. Ncha za mizizi zitakazokatwa leo zitakaa saa nne ndani ya dawa, na dawa hiyo inataka nyuzijoto 18 hivi. Tanga ya mwezi wa pili haina nyuzijoto 18 hata kivulini, kwa hiyo napitia soko la samaki la Deep Sea na kuchukua barafu ya kujaza nusu ya kasha la plastiki. Ina harufu ya samaki, lakini haitagusa mzizi. Kazi yake ni kupoza maji yanayozunguka chupa.

Dawa yenyewe, 8-haidroksikwinolini, ilitengenezwa jana: gramu 0.29 kwa lita moja ya maji yaliyokenekwa. Haiyeyuki kwa haraka. Inapashwa moto hadi nyuzijoto 60 na kukorogwa kwa saa kadhaa. Ukiona chembe zimetuama chini ya chupa, bado haijawa tayari, na ukiitumia hivyo hujui mizizi imepata kiasi gani.

Saa 1:30, kitaluni

Kuna trei mbili za vikonyo, yale machipukizi madogo yanayoota kwenye mlingoti wa mkonge, ambazo lebo zake zimefutwa na mvua. Moja inadhaniwa kuwa mkonge wa kawaida, Agave sisalana, na nyingine chotara namba 11648. Hesabu ya kromosomu ndiyo itakayosema ipi ni ipi. Jana nilikata mizizi ya kwanza kutoka trei zote mbili. Leo nafuata ya pili, maana vikonyo vitatu kwa trei ni vichache mno kutolea hukumu ya trei nzima.

“Shikamoo mzee,” namwamkia mzee wa kitalu.

“Marahaba. Hizo mbili nimeziweka kando. Majani bado machanga, kwa macho siwezi kuapa.”

Hawezi kuapa, na ana haki. Mmea ukikomaa, jani la chotara hujitambulisha kwa rangi yake ya kibuluu na wembamba wake. Kikonyo cha urefu wa kidole hakisemi lolote. Na tofauti shambani ni kubwa: mkonge wa kawaida hutoa majani kama 200 hadi 250 maishani mwake, chotara hufika kama 600. Ukivichanganya katika mstari mmoja, ratiba ya kukata inavurugika kwa miaka mingi.

Vikonyo vya vipimo vimekaa wiki mbili kwenye mchanga wa mto uliochanganywa na makumbi ya nazi yaliyopondwa. Udongo mwekundu wa shambani haufai kwa kazi hii. Unashika mzizi, na ukivuta, ncha inabaki udongoni. Ncha ndiyo yote tunayoitafuta.

Saa 2:30, kukata

Seli zinazogawanyika ziko kwenye milimita moja au mbili za mwisho wa mzizi. Nachagua mizizi minene, myeupe, yenye ncha ya rangi ya maziwa mazito. Ncha ya kahawia au inayong'aa kama kioo imeacha kukua, na humo utapata seli mia zilizolala bila hata moja inayogawanyika. Nakata sentimita moja ili nipate pa kushikia kwa kibanio, nasuuza mchanga, natumbukiza kwenye dawa.

Dawa inavunja nyuzi ambazo seli huzitumia kuvutia kromosomu pande mbili. Seli inafika katikati ya mgawanyiko, inakwama hapo, na kromosomu zake zinaendelea kufupika na kuachana. Ikikaa muda mfupi, kromosomu zinabaki ndefu na zimelaliana kama tambi. Ikizidi, zinakuwa vidonge na huwezi tena kuona kituo cha kila moja, pale zinaposhikwa na nyuzi, kiko wapi. Kwa mkonge saa nne zinatosha. Nachungulia kipimajoto kila nusu saa na kuongeza kipande cha barafu kikipanda juu ya 20.

Wengine hutumia kolkisini ya asilimia 0.05 kwa kazi hiihii. Inafanya kazi vizuri, lakini ni sumu kali kwa binadamu, na katika chumba kisicho na kabati la kuvuta hewa siioni sababu ya kuitumia wakati ipo dawa nyingine.

Saa 4:00, asidi na rangi

Wakati mizizi ya leo inasubiri, ya jana inaendelea. Ililala usiku kucha kwenye mchanganyiko wa kugandisha seli: ethanoli safi sehemu tatu, asidi ya asetiki isiyo na maji sehemu moja. Kwa chupa ndogo ni mililita 15 kwa 5. Unachanganywa siku ileile ya kutumika, kwa sababu vitu hivyo viwili vikikaa pamoja hugeuka taratibu kuwa kitu kingine chenye harufu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Ukisikia harufu hiyo, mwaga.

Neno la lebo, kwa kuwa lebo ndiyo iliyotufikisha hapa: andika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi na ukitie ndani ya chupa pamoja na mizizi. Wino wa kalamu, hata ule unaoitwa wa kudumu, unafutwa na ethanoli kabla ya jioni.

Mizizi inasuuzwa, kisha inaingia kwenye asidi ya haidrokloriki ya nomali 1 (mililita 8.3 za asidi kali, zikitiwa taratibu ndani ya maji hadi zifike mililita 100, wala si maji kutiwa ndani ya asidi). Ni nyuzijoto 60 kwa dakika 8 hadi 10, nikihesabu kwa saa ya mkononi. Asidi inafanya mambo mawili kwa pamoja: inalainisha gundi inayoshikanisha seli, na inafungua DNA ili rangi iipate. Ukiitoa mapema, seli hazitaachana wala hazitashika rangi. Ukichelewa, DNA yenyewe inaanza kuyeyuka, na utapata vivuli badala ya kromosomu. Umeme ukikatika katikati ya hatua hii hakuna cha kuokoa, ndiyo maana situmii bafu la umeme. Natumia chupa ya chai ya kutunza joto, iliyojazwa maji ya nyuzijoto 61. Kwa dakika kumi inashuka kidogo sana.

Kisha rangi ya Schiff, gizani, saa moja na robo. Rangi hii ikiwa nzima haina rangi kabisa, ni kama maji. Ikiwa waridi chupani, imekufa: gesi ya salfa iliyokuwa inaizuia imetoroka, na joto la pwani huharakisha jambo hilo. Itunze kwenye friji, katika chupa nyeusi iliyojazwa hadi shingoni. Mzizi mzuri hutoka na ncha ya zambarau iliyoiva, sehemu nyingine nyeupe. Mzizi uliochukua rangi mwili mzima haukusuuzwa vizuri.

Saa 5:30, kuponda

Hapa mkono ndio unaoamua. Nakata ile milimita moja ya zambarau tu na kuiweka kwenye slaidi ndani ya tone la asidi ya asetiki ya asilimia 45. Naondoa kofia ya mzizi kwa sindano, maana seli zake hazigawanyiki na zinaziba nafasi. Navuruga hadi tone liwe na ukungu wa zambarau, naondoa kila kipande kigumu, nafunika kwa kioo chembamba. Nagonga juu yake kwa kitako cha penseli, taratibu, mara thelathini au arobaini. Kisha karatasi ya kunyonyea maji, na kidole gumba kinashuka wima kwa nguvu.

Wima. Kioo kikiteleza hata nusu milimita, seli zinaviringika kama ugoro na slaidi imekwisha. Makosa mengine makubwa ni kuweka nyama nyingi kupita kiasi. Watu huona huruma kutupa sehemu ya mzizi, wakaponda sentimita nzima, wakapata tabaka tatu za seli zinazofunikana.

Saa 6:30 mchana

Mizizi ya leo inatoka kwenye dawa na kuingia kwenye mchanganyiko wa kugandisha. Lebo ndani. Adhana ya adhuhuri, swala, wali na samaki wa nazi.

Saa 8:00, hadubini

Lenzi ya 10 ya kutafutia, ya 40 ya kukagulia, ya 100 yenye mafuta ya kuhesabia. Seli inayofaa ina kromosomu zilizotawanyika kwa duara, bila kulaliana, ukingo wake ukionekana wote. Nyingi hazifai, na kuziacha ni nusu ya kazi.

Kromosomu za mkonge na jamaa zake zina sura isiyosahaulika: saizi mbili, bila ya kati. Seti moja ya Agave ina kromosomu 30. Kati yake 5 ni kubwa, kituo kikiwa karibu na ncha, na 25 ni ndogo kama punje za ulezi. Mkonge wa kawaida una seti tano, yaani 150: kubwa 25, ndogo 125. Chotara 11648 ana seti mbili, yaani 60: kubwa 10, ndogo 50. Kwa swali la trei zetu, basi, huhitaji kuhesabu zote. Hesabu zile kubwa tu.

Slaidi tatu za trei ya kwanza: kubwa 25 katika kila seli safi. Trei ya pili: kubwa 10. Mzee atapata jibu lake la awali leo hii kwa simu, na la uhakika mizizi ya pili ikikubaliana.

Kuhesabu kamili hadi 150 ni kazi nyingine. Kosa huelekea upande mmoja: seli iliyopasuka hupoteza punje mbili tatu, na punje mbili zilizolaliana huonekana moja, kwa hiyo hesabu hupungua zaidi kuliko inavyozidi. Ndiyo sababu hesabu za zamani zilizochapishwa kuhusu mkonge hazikubaliani. Kanuni yangu: anza na kubwa. Zikiwa 24, seli hiyo imepoteza kitu, usijisumbue na ndogo. Zikiwa 25, piga picha, weka alama kwa rangi juu ya kila punje, hesabu mara mbili kwa siku mbili tofauti. Seli kumi safi, kutoka mimea isiyopungua mitatu.

Sura hiyo ya 5 na 25 ina historia kubwa kuliko mkonge. Zamani Agave iliwekwa katika jamii yake, na Yucca, mmea mwingine wa Amerika, katika jamii tofauti, kwa sababu ovari ya ua la Agave iko chini ya petali na ya Yucca iko juu. Mwaka 1933 wanasayansi McKelvey na Sax walionyesha kuwa zote mbili zina kubwa 5 na ndogo 25 kwa seti. Ni vigumu mno mpangilio wa namna hiyo kutokea mara mbili kwa bahati. Leo zote zimo katika jamii moja, na ushahidi wa jeni umekubali. Ovari imebadilika, kromosomu zimekumbuka.

Saa 10:00, vichipukizi vya maua

Watu wa kitaluni huniuliza mara kwa mara kwa nini mkonge hauzai mbegu. Unachanua vizuri kabisa, mlingoti wa mita tano au zaidi, kisha maua yanaanguka na vikonyo vinaota mahali pake. Jibu liko kwenye chavua. Kutengeneza chavua, kromosomu zinapaswa kukaa jozi jozi na kuachana nusu kwa nusu. Seti tano hazigawanyiki kwa mbili. Nyingine hubaki bila mwenza na huangukia upande wowote, kwa hiyo chembe moja ya chavua inaweza kupata 68, nyingine 81, na nyingi hazifai kitu. Unaona hayo kwa kuponda chavulio changa katika rangi ya asetokamini: kromosomu zilizobaki nyuma katikati ya seli wakati wenzake wamekwisha fika pembeni. Chagua kichipukizi ambacho chavulio lake bado ni la kijani na linang'aa kidogo. Likishakuwa la manjano umechelewa.

Kwa hesabu tupu, 150 inaweza kupatikana kwa gameti (seli ya uzazi) ya 90 kukutana na ya 60, huko Meksiko mmea ulikotoka. Baada ya hapo mmea umeishi kwa kujinakili. Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, alipoleta vikonyo mwaka 1893, vilivyofika hai vilikuwa 62, vikapandwa upande wa Pangani. Mashamba makubwa ya Tanga yalianzia humo, na ndiyo maana ugonjwa unaoweza mmoja unaweza wote. Chotara 11648 aliwezekana kwa sababu wazazi wake, Agave amaniensis na Agave angustifolia iliyotumika, waliweza kuzaa mbegu. Ilikuwa kazi iliyoanzia kituo cha utafiti cha Amani na kuendelea kile cha Mlingano, Muheza.

Seti kuongezeka kwenyewe si msiba. Kahawa ya arabika ina 44, na jamaa zake wa porini, pamoja na wale wa Usambara, wana 22. Arabika ni mtoto wa spishi mbili aliyebaki na seti za wote, na anazaa bila shida kwa kuwa seti nne zinagawanyika. Ngano ina 42, viazi vitamu 90. Shida ni namba isiyogawika: migomba mingi tunayolima ina seti tatu, kromosomu 33, ndiyo maana ndizi haina mbegu na tunapanda machipukizi.

Saa 11:30 jioni

Nafuta mafuta kwenye lenzi kwa karatasi yake maalumu. Ukungu huota ndani ya lenzi za pwani, na ukishaota unakula kioo, kwa hiyo hadubini inalala ndani ya sanduku lenye mkebe wa silika. Chembe zikigeuka kutoka buluu kuwa waridi, nazikausha kwenye oveni. Slaidi nne bora nazipaka rangi ya kucha pembezoni; zitadumu siku kadhaa, zinatosha kurudiwa kuhesabiwa kesho kutwa.

Naandika: trei ya kwanza, mimea 3, kubwa 25. Trei ya pili, mimea 3, kubwa 10. Kesho saa 2:30 mizizi ya leo inahamia kwenye ethanoli ya asilimia 70.