Siku moja na pikipiki yangu pale stesheni ya Syokimau

Watu huniuliza kama mimi nafanya kazi reli, nawaambia hapana, lakini saa yangu ya mkononi ni treni. Mimi ni mtu wa boda, steji yetu iko karibu na stesheni ya Syokimau, ile ya treni za kwenda tao, katikati ya jiji la Nairobi, na nimekuwa hapo miaka kadhaa sasa. Wacha niwaandikie siku moja vile huenda, nimechukua ya Alhamisi iliyopita juu ilikuwa na kisa.

Saa kumi na nusu alfajiri. Naamka, chai ya rangi na mkate wa jana, nafuta umande kwa kiti cha pikipiki, naweka reflekta. Baridi ya Syokimau mtu asikudanganye, huku ni uwanda mtupu, upepo unatoka Athi River unakuja kukupata wewe pekee yako. Mafuta ya mia tatu kwanza, mengine nitaongeza nikishaona pesa.

Saa kumi na moja na robo. Mteja wa kwanza ni nesi wa zamu, namtoa kwa geti la ploti yao hadi stesheni, soo moja, yaani shilingi mia. Halafu narudi, nachukua mwingine, narudi tena. Hii ndio saa yenye hela. Kuanzia hapo mpaka kama saa moja na nusu hakuna kukaa, ni kubeba watu kutoka mitaani ndani huko kuwaleta kwa treni, na kila mtu amechelewa, hata yule amefika mapema anakwambia harakisha kijana. Kuna mama mmoja wa mitumba wa soko la Gikomba, huyo tunaelewana bila kuongea, akifika namuwekea gunia lake tupu hapo mbele, akishuka ananipa hela kwa mkono wa kushoto huku ashaanza kukimbia. Akifika tao anatembea kutoka stesheni kubwa hadi Gikomba kwa miguu. Anasema treni imempunguzia nauli lakini imemuongezea misuli.

Na si boda peke yetu. Hapo kwa pakingi utaona wenye magari wanaacha gari wanapanda treni kama sisi wengine, mtu na koti lake na kompyuta mgongoni. Ukimuuliza mbona usiende na gari mpaka ofisini anakuangalia tu, juu anajua Mombasa Road saa hiyo, ukifika Cabanas umekwama, ukitoka hapo Bellevue inakungoja, ukiponea hiyo kuna Nyayo Stadium. Ndio kuna ile barabara ya juu ya kulipia tangu 2022, inatoka Mlolongo inaenda mpaka Westlands kilomita 27, lakini kupita huko kila asubuhi na kurudi kila jioni piga hesabu ya mwezi mzima uone. Matatu nazo ziko hapo nje makanga wanaita tao tao tao, na mvua ikinyesha kidogo tu nauli inapanda kabla hata tone la pili halijafika chini. Treni nauli yake haijui mvua.

Saa mbili. Kimya. Kama mtu amezima redio. Treni za asubuhi zimeenda, steji inabaki na sisi, mbwa wawili na mama wa uji. Mimi hapa ndio nakula vizuri, chapo mbili na madondo, na tunaanza siasa.

Siku hiyo kijana mmoja mgeni kwa steji akauliza kwani hii Syokimau ni jina la nani. Mzee wetu mmoja, mwenyekiti wa steji, Mkamba wa Machakos, akamueleza pole pole kama anahubiri. Syokimau alikuwa mama, nabii wa Wakamba zamani, kabla mzungu hajafika huku, na alitabiri kwamba atakuja nyoka mrefu anatoka maji haya anaenda maji yale, akitema moto na moshi. Watu wakashangaa nyoka gani huyo. Reli ikaja kutoka Mombasa, mwaka 1899 ikafika Nairobi, ikaendelea mpaka ziwani. Kwa hivyo hapa tulipo ni kwa mwenye maneno mwenyewe. Mimi hiyo hadithi nimeisikia mara mia na bado naipenda, sijui kama wale walioipa stesheni hili jina walifikiria hivyo ama walichukua tu jina la mtaa.

Hii stesheni yenyewe si ya mkoloni. Kibaki ndiye aliifungua Novemba 2012, na wakati huo ilikuwa maajabu, watu walikuwa wanakuja kupiga picha na ngazi. Mwaka 2020 zikaja hizi treni za kisasa kidogo, zile hazivutwi na kichwa, injini ziko ndani ya mabehewa yenyewe, zilikuwa zinafanya kazi kisiwa cha Mallorca huko Uhispania. Hapo kati, 2017, SGR, ile reli mpya ya kwenda Mombasa, ilianza na stesheni yake kubwa ikajengwa huku huku kwetu, na ndio mahali mkanganyiko ulizaliwa.

Skiza vizuri hapa maana ndio kisa changu. Huku kuna stesheni mbili. Hii yetu, ya treni za tao, na ile nyingine ya SGR inaitwa Nairobi Terminus, ile ina jengo kama treni mbili zimeangaliana. Zote watu wanaita Syokimau. Kwa nini ziko mbili? Juu reli zenyewe hazilingani, ile ya zamani upana wake ni mita moja kamili, ya SGR ni milimita 1,435, treni ya huku haiwezi kukanyaga kule. Na SGR haifiki tao, inakuacha huku, kwa hivyo mtu wa Mombasa lazima ashuke apande kitu kingine, iwe ni ile treni ya kuunganisha, matatu, teksi, ama mimi. Mimi nakula kwa hiyo tofauti ya milimita 435, na sijawahi kusoma mahali mtu ameandika hivyo.

Saa saba na dakika arobaini mchana. Matatu inasimama, anashuka bibi mzee, buibui nyeusi, masanduku mawili, kikapu kimejaa viazi na maparachichi. Anaangalia kushoto, anaangalia kulia. Nikamwendea.

"Shosho, nikusaidie?"

"Shosho ndiye nani?" akaniuliza. "Mimi ni bibi. Hebu nambie mwanangu, hapa ndipo penye treni ya Mombasa?"

Moyo ukaniruka. Treni yake ni ya saa tisa kamili, na hapo SGR unatakiwa ufike mapema, kuna kitambulisho, kuna kuchukua tiketi kwa mashine, kuna mizigo kupangwa chini kwa mstari mbwa apite anuse, kuna mashine tena. Nikamwambia bibi hapa sipo, ni kule. Akakaa juu ya sanduku. Ati mjukuu wake alimwambia shuka Syokimau stesheni, na makanga akamshusha Syokimau stesheni, sasa yeye kosa lake ni lipi? Na kweli hakuna aliyemdanganya.

Nikaita mwenzangu mmoja. Yeye akabeba masanduku, mimi nikabeba bibi na kikapu. Shida ikawa helmeti. Bibi hataki, ati itamharibia mtandio, mimi nikasema bibi bila helmeti polisi watatushika sote wawili na treni itaenda. Akaivaa juu ya mtandio, akasoma dua yake, akanishika mabega kama anashika usukani. Njia nzima ananifundisha Kiswahili. Nilisema "tumefika karibu", akanirekebisha, "sema tunakaribia." Nikasema "bibi usijali, mbwa hatakufanyia kitu, atanusa tu." Akanyamaza kidogo halafu akauliza, "Anuse viazi vyangu?"

Boda hatuingii mpaka mlangoni kwa hivyo tukambebea vitu kwa miguu mpaka pale ambapo bila tiketi huendi mbele. Saa nane na dakika chache. Kijana mmoja msafiri akamsaidia na sanduku la pili. Bibi akataka kutulipa, nikamwambia mia mbili ya sisi wawili, akatoa mia tatu na maparachichi mawili, akalalamika kwamba tiketi sasa ni elfu moja mia tano na zamani ilikuwa elfu moja. Ni kweli, ilipanda Januari 2024. Nikamuona amesimama hatua tatu nyuma ya mstari wa mizigo, mkono kifuani, anamngoja mbwa amalize na kikapu chake.

Na vile tuko huko, ile treni ya asubuhi kutoka Mombasa ilikuwa tu imefika, ile inasimama njiani kote, watu wakamwagika. Mwenzangu akapata mteja wa Mlolongo, mimi nikapata wa Katani. Bibi alitupeleka kwa hela, tungekuwa steji yetu tungekuwa tumelala.

Saa tisa hadi saa kumi na moja. Hakuna la kuandika. Niliosha pikipiki, nikalala kidogo juu yake, vile sisi hulala, miguu kwa usukani.

Saa kumi na mbili jioni kuendelea. Treni za kutoka tao zinaanza kurudi, na hii ni vita. Asubuhi watu wanakuja mmoja mmoja, jioni wanashuka mia kadhaa kwa dakika moja, wote wanataka kufika nyumbani kwanza. Dakika kumi, kumi na tano hivi, halafu kumeisha. Ukienda kupeleka mteja mbali ukirudi umekuta patupu, kwa hivyo unachagua, mtu wa karibu soo moja mara tatu, ama mtu wa mbali mia mbili hamsini mara moja. Mimi huchagua karibu. Mama wa Gikomba akashuka na gunia limejaa, hilo sasa nalifunga kwa mpira nyuma na yeye anakaa katikati kama mfalme. Akanilipa kwa pochi ya M-Pesa, simu yake ikabaki na asilimia mbili.

Saa mbili na nusu usiku. Ile ya haraka kutoka Mombasa imefika SGR, na nikahesabu kwa kichwa kwamba bibi naye saa hii atakuwa anashuka Mombasa. Nilienda kule kujaribu bahati ya mwisho. Hesabu yangu ya siku: mafuta mia tano jumla, mkopo wa pikipiki mia nne, chakula mia mbili, nimebaki na elfu moja na kitu. Si mbaya, Jumatatu nilibaki na mia tatu.

Mteja wa mwisho alikuwa kijana wa chuo na begi kubwa. Nikampa helmeti, akaivaa, akaivua, akainusa ndani.

"Buda, hii umeweka nini? Inanukia udi."

Nikamwambia apande twende.