Jumanne ya midomo

Darasa la leo limekuwa la midomo tu. Jumanne usiku, watoto wakishalala, nakutana kwenye Zoom na Waswahili wenzangu wa hapa Göteborg, Uswidi, wengi wao kutoka Kivu na Burundi. Wote wanasoma SFI, yaani Kiswidi kwa wahamiaji, masomo ambayo manispaa huyatoa bure. Huko wana walimu wao. Mimi kazi yangu ni kufafanua kwa Kiswahili pale palipokwama. Wananiita mwalimu, na nimechoka kukataa.

Nasikia sana kwamba lugha haifundishiki mtandaoni. Kwa upande wa matamshi nabisha. Darasani ungemwambia nani akusogezee uso mpaka umwone ulimi? Kwenye simu watu wanajisogeza wenyewe. Kiswidi kina irabu tisa, sisi tumezoea tano, na inayotutesa zaidi ni y. Unatamka i, unaishikilia, kisha unachongoa midomo bila kuusogeza ulimi. Mama mmoja kutoka Uvira alijaribu, ikatoka u. Akarudia, ikatoka i. "Mwalimu, kinywa yangu inakatala," akasema, na wa kwanza kucheka alikuwa yeye mwenyewe. Nikamwambia aweke kidole mbele ya midomo, aseme i, halafu akifuate kidole kwa midomo mpaka akiguse. Ikatoka y safi kabisa! Mjukuu wake aliyekuwa ameshika simu akapiga makofi, picha ikayumba, tukaona dari.

Urefu wa irabu ndio mgumu kwa simu. Glas, bilauri, a inavutwa. Glass, aiskrimu, a inakatwa. Mtandao ukianza kukwaruza, zote zinafika sawa. Mpangilio wa maneno haunisumbui, kwa sababu huo unasahihishika kwa kuandikiana: ukianza na "idag", yaani leo, kitenzi kinafuata hapo hapo, idag åker jag (leo nasafiri), na si idag jag åker. Wanakosea, wanafuta, wanaandika upya.

Baada ya wengine kuondoka, yule mama akabaki. Anataka kuliacha darasa la asubuhi la SFI ahamie masomo ya mbali, ya mtandaoni. Namwelewa: Novemba hii asubuhi bado ni giza, na basi lina baridi yake. Lakini SFI ina njia tatu, kulingana na elimu uliyokuja nayo, na kozi zake ni A hadi D. Aliyemaliza chuo Bujumbura huwekwa njia ya tatu, anaanzia kozi C, na masomo ya mbali yanamfaa: anafungua, anasoma, anatuma kazi. Mama huyu yuko njia ya kwanza, kozi A. Hakuwahi kukaa darasani utotoni, kwa hiyo anajifunza kusoma na kuandika kwa mara ya kwanza, tena kwa lugha ya ugenini. Ukimpa nywila na kiungo umemfungia mlango. Anahitaji mtu wa kukaa pembeni yake na kumwonyesha penseli inaanzia wapi. Wanaosema masomo ya mbali ni ya kila mtu, nadhani wanajifikiria wao wenyewe.

Nikamwambia asiache, hata kwa theluji. Hakupenda. Akasema atamuuliza binti yake, ambaye najua atakuwa upande wangu, maana ndiye anayemjazia fomu zote.

Waliofika kozi C nimewapa habari moja ya 8 Sidor, gazeti la Kiswidi chepesi, waisome kwa sauti na kujirekodi. Wiki ijayo ni sauti ya sj, ile ya sju, yaani saba. Hiyo hata kamera haisaidii.