Vitabu vya dini vya bure kwenye Kindle ya baba

Baba ni mwinjilisti mstaafu, na macho yake hayawezi tena herufi ndogo. Kwenye Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, anazikuza mpaka mstari unabaki na maneno manne matano, anasoma zake hadi usiku. Kumtafutia vitabu ni kazi yangu.

Naanzia CCEL, maktaba ya mtandaoni iliyolelewa miaka mingi katika Chuo cha Calvin, Marekani. Waandishi wa Kikristo wa zamani wamo: Augustino yumo, Thomas wa Kempis yumo, Bunyan naye yumo. Nikikosa huko naenda Project Gutenberg, maktaba nyingine ya mtandaoni, iliyoanza 1971. Baba Kiingereza anakimudu. Asiyekimudu ana kazi, maana Kiswahili humo ni haba mno.

Ukikuta EPUB, aina ya faili ambayo maandishi yake hujipanga kufuata kioo, chukua hiyo, usihangaike na nyingine. Tangu 2022 Send to Kindle, huduma ya Amazon ya kutuma vitabu kwenye Kindle, inaipokea kama ilivyo: unaituma kwa baruapepe, basi.

Shughuli iko kwenye PDF. Hiyo imepangwa kwa ukubwa wa karatasi, kwa hiyo kwenye kioo kidogo herufi zinakuwa punje za ulezi. Hapo ndipo ninapofungua Calibre, programu ya bure ya kompyuta aliyoibuni Kovid Goyal. Unaingiza faili, unabonyeza Convert books, unachagua EPUB. Kubadilisha ni dakika chache. Kusafisha ndiko kunakokula jioni nzima. Kichwa cha sura kilichokuwa juu ya kila ukurasa, pamoja na namba yake, kinajipenyeza katikati ya sentensi: mtume anahubiri, mara "47 SURA YA TATU", kisha anaendelea. Vichwa hivyo naviondoa kwa Search & Replace, na mistari iliyokatika naiunga kwa kuwasha Heuristic Processing.

Kama PDF ni picha za kurasa tu, Calibre haiwezi kuzisoma. Internet Archive, hifadhi ya mtandaoni yenye vitabu vya zamani, mara nyingi huwa na maandishi yaliyosomwa na mashine, lakini yakague kwanza. Katika vitabu vya Kiingereza vya karne ya 17, "s" ndefu ya zamani mashine huiona "f", hivyo "sin" inatoka "fin", na mwenye dhambi anatubu mapezi ya samaki. Baba alicheka mpaka miwani ikamtoka.

Zile PDF za vitabu vya wachungaji walio hai zinazozunguka WhatsApp siziweki. Sheria ya Tanzania inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo; Augustino ameshavuka, mchungaji wa mtaa wa pili bado. Baba mwenyewe huuliza, "Mwenye kitabu karidhia?"

Kabla hujatuma, fungua Edit metadata humo kwenye Calibre uandike jina la kitabu na la mwandishi. Usipofanya hivyo, mzee atapekua orodha yote akimtafuta Augustino, kumbe amekaa chini ya jina "scan_final2".