Nipasuliwe tena?
Daktari ameniambia utumbo umebana tena, palepale ulipounganishwa mara ya kwanza. Ndivyo ugonjwa wa Crohn, ule wa kudumu unaofanya utumbo uvimbe na kupata vidonda, ulivyo: upasuaji huondoa sehemu iliyoharibika, lakini ugonjwa wenyewe unabaki mwilini. Naogopa sana kupunguziwa utumbo mwembamba kila mara, hadi uliobaki ushindwe kufyonza chakula. Nimemuuliza kama wanaweza kupanua tu palipobana bila kukata kipande. Amesema inawezekana pakiwa pafupi, ila ataamua akishafungua tumbo.

Mama anataka nisubiri, namwelewa. Lakini tumbo likijaa usiku nikatapika, naona kusubiri nako kuna hatari, maana utumbo unaweza kuziba kabisa. Naelekea kukubali. Mliopasuliwa zaidi ya mara moja, mlirudi kula kawaida baada ya muda gani?