Kiduha, mtama wa mama na mkasi wa CRISPR

Ukiona kiduha, gugu linalonyonya mazao, kimechanua maua yake ya zambarau katikati ya mtama, ujue umeshachelewa. Kabla hakijachomoza kilikuwa kimeng'ang'ania mizizi, kinanyonya. Ndiyo maana mama yangu kule Kwimba huking'oa kila palizi na bado anavuna masuke mepesi. Mbegu za kiduha ni kama vumbi, na zinaweza kulala udongoni zaidi ya miaka kumi.

Nafundisha biolojia sekondari, na wanafunzi wangu huduwaa ninapowaeleza jinsi kiduha kinavyojua kwamba mtama umeota. Mtama ukikosa fosforasi, mizizi yake hutoa kemikali ziitwazo strigolaktoni, kuwaita fangasi wa udongoni wauletee. Kiduha nacho kinausikia mwito huo, kinaamka. Ardhi ikichoka, mtama unaita kwa nguvu zaidi. Yaani shamba la asiye na uwezo wa kununua mbolea ndilo linaloliwa zaidi. Jambo hili linaniuma sana.

Lakini Afrika ina mitama inayoita kwa namna nyingine. Mwaka 2017 kundi la watafiti, akiwemo Gebisa Ejeta, Mwethiopia aliyepata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009, lilionyesha kwamba jeni LGS1 isipofanya kazi, mizizi hutoa orobankoli kwa wingi, kemikali ambayo kiduha hakiitikii sana. Kazi ya Ejeta ya miaka mingi ndiyo iliyotuletea Tanzania mbegu za Hakika na Wahi. Ni mbegu nzuri. Ila mama anautaka mtama wake mwekundu, mrefu: unga wake anaujua, ndege hawaushambulii sana, na mabua yake anajengea uzio.

Hapa ndipo CRISPR, mkasi wa maabara wa kukata na kuhariri jeni, inaponipa matumaini. Steven Runo wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wenzake wanautumia mkasi huu kuizima LGS1 ndani ya mtama. Tabia ambayo mitama mingine inayo tayari kwa asili inaweza kuingizwa katika mbegu ambayo mkulima ameshaichagua, bila miaka ya kuchanganya mbegu mbili na kurudia kuzichavusha na ile ya mkulima, na bila kubakiza jeni ya kiumbe kingine. Mwaka 2022 Kenya ilitoa mwongozo wake wa kushughulikia mazao ya aina hii.

Jeni moja haitamaliza kiduha. Kiduha hubadilika, na kuizima LGS1 kunaweza kuugharimu mtama pale ambapo kiduha hakipo. Samadi bado itahitajika, na kuchanganya na kunde pia.

Ninachodai mimi ni kwamba wakulima waulizwe mapema ni mtama upi ufanyiwe kazi, maabara isichague peke yake kisha ije kutugawia. Na mbegu hiyo iwe ya kuhifadhiwa na kugawana. Mama huweka masuke ya mbegu juu ya moshi wa jiko, na jirani akikosa anapewa. Akikatazwa hilo kwa karatasi ya hakimiliki, nitampinga mwenye karatasi, hata kama sayansi yake ninaifundisha darasani kwa furaha.